Kitanda kilazwe au kiinuliwe? Mkao wa mgonjwa na damu ya ubongo baada ya kiharusi

Muulize muuguzi mzoefu namna ya kumlaza mgonjwa wa kiharusi, atakujibu bila kusita: inua kichwa cha kitanda nyuzi 30. Muulize daktari wa kituo kinachovuta madonge ya damu ubongoni, atakwambia laza kitanda kabisa mpaka mgonjwa aingie chumba cha tiba. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anamzungumzia mgonjwa wake, katika saa yake, na hatari wanayoikimbia si moja. Tatizo huanza pale kanuni ya mmoja inapochukuliwa na kupewa wagonjwa wote.

Tuanze na damu yenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, yaani asilimia 2 hivi ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni inayotumika mwilini. Akiba hauna. Msuli wa paja unaweza kukosa damu kwa muda mrefu na ukapona, ubongo hauwezi. Katika hali ya kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Kiasi hicho kikishuka chini ya 20, seli hunyamaza: mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito, maneno yanapotea, ingawa seli zenyewe bado zi hai. Kikishuka chini ya 10, zinaanza kufa ndani ya dakika chache.

Kati ya hiyo 20 na hiyo 10 ndipo penye mgogoro wote wa mkao. Donge linapoziba ateri kubwa, sehemu iliyo katikati ya eneo lililokosa damu hufa mapema. Kuizunguka kuna ukanda wa seli zilizonyamaza bila kufa, unaoishi kwa damu kidogo inayopenya kupitia vishipa vya pembeni vinavyounganisha ateri moja na nyingine. Wataalamu wanauita penumbra. Donge likiondolewa kwa wakati, ukanda huu unarudi kazini na mgonjwa anaweza kunyanyua tena mkono uliokuwa umelala. Likichelewa, ukanda unaliwa kidogo kidogo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba ateri kubwa ikiziba, mtu hupoteza kama seli za neva milioni 1.9 kwa kila dakika. Vile vishipa vya pembeni havina nguvu ya ziada. Vinategemea shinikizo linalosukuma damu kutoka moyoni, na shinikizo hilo hubadilika kila unapoinua au kushusha kichwa.

Kila mkazi wa ghorofa anajua kwamba maji ya bomba yanayotoka kwa kasi chini huchuruzika tu kwenye bomba la ghorofa ya juu. Damu nayo ina uzito. Kila sentimita moja ambayo kichwa kinapanda juu ya moyo inapunguza takribani milimita 0.8 za zebaki kwenye presha inayofika ubongoni. Mtu mzima akikaa wima, sikio lake huwa sentimita 25 hadi 30 juu ya moyo. Hapo ubongo unapata presha iliyo pungufu kwa zaidi ya milimita 20 kuliko ile inayosomwa na mashine mkononi. Akiegemea kwa nyuzi 30, kichwa kimepanda nusu tu ya umbali huo, na upungufu ni kama milimita 10. Akilala chali, moyo na kichwa viko usawa mmoja na upungufu unatoweka.

Kwa mtu mzima mwenye afya, milimita 10 si kitu. Ateri ndogo za ubongo hutanuka presha ikishuka na hubana presha ikipanda, hivyo mtiririko unabaki uleule. Ndiyo maana hatuzimii kila asubuhi tunapoamka kitandani. Ndani ya eneo la kiharusi uwezo huo umepotea. Ateri zilizo ng'ambo ya donge zimeshatanuka hadi mwisho wake kwa kutafuta damu na haziwezi kutanuka zaidi. Kinachobaki ni uhusiano wa moja kwa moja: presha ikishuka, damu inashuka. Milimita 10 alizokuwa akizipoteza bila kujua jana yake leo zinaweza kuitoa penumbra kwenye unyamavu na kuitia kaburini.

Jambo hili limepimwa kwa mashine. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wagonjwa 20 wenye kiharusi cha kuziba, waliopimwa kasi ya damu kwenye ateri ya kati ya ubongo kwa mawimbi ya sauti yanayopenya fuvu. Kitanda kiliposhushwa kutoka nyuzi 30 hadi sifuri, kasi iliongezeka kwa wastani wa asilimia 20. Sehemu kubwa ya ongezeko, asilimia 12, ilionekana kati ya nyuzi 30 na 15.

Kwa nini basi tusiwalaze wote chali?

Kwa sababu kuna shinikizo la pili. Fuvu ni chombo kilichofungwa, na ndani yake kuna vitu vitatu: ubongo wenyewe, ugiligili unaouzunguka, na damu. Kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue. Kisipopata pa kupungukia, shinikizo la ndani ya fuvu linapanda. Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo hilo kwa kawaida halizidi milimita 15 za zebaki. Nguvu inayosukuma damu ipite kwenye ubongo ni presha ya ateri ukitoa shinikizo la fuvu. Hesabu ni ya kutoa tu, lakini ina maana kubwa: mgonjwa anaweza kukosa damu ubongoni kwa sababu presha imeshuka, au kwa sababu fuvu limejaa.

Kuinua kichwa kunagusa pande zote mbili za hesabu hiyo kwa wakati mmoja. Kunapunguza presha inayofika kichwani, na papo hapo kunaruhusu damu chafu ishuke kwa urahisi kupitia vena za shingoni, hivyo fuvu linapumua. Faida na hasara zinashindana, na mshindi anategemea kilichomo ndani ya fuvu la mgonjwa aliye mbele yako. Aliyezibwa ateri saa mbili zilizopita bado hana uvimbe wa maana. Kwake hasara ni kubwa kuliko faida. Aliyepata kiharusi kikubwa siku tatu zilizopita, ambaye sasa nusu ya ubongo wake imevimba, anaweza kuwa kinyume chake. Uvimbe huo kwa kawaida hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano, na ndio unaosababisha mtu aliyekuwa akizungumza Jumatatu awe haamki Alhamisi.

Hata hapo jibu si jepesi. Wagonjwa wenye viharusi vikubwa vya nusu ya ubongo, waliopimwa shinikizo la fuvu kwa waya uliopenyezwa ndani, wamewahi kuonyesha kwamba kuinua kichwa hadi nyuzi 30 kulishusha shinikizo la fuvu kidogo tu, lakini kulishusha presha ya ateri zaidi, na mwishowe damu iliyosukumwa kwenye ubongo ilipungua. Kwa hiyo nyuzi 30 kwa mgonjwa mwenye uvimbe ni uamuzi unaofuatiliwa kwa vipimo na macho. Haupaswi kuwa tabia ya kitanda.

Tafiti mbili zinazoonekana kupingana

Jaribio kubwa kuliko yote kuhusu mkao liliitwa HeadPoST na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Liliongozwa kutoka Australia, likashirikisha wagonjwa 11,093 katika hospitali 114 za nchi tisa, zikiwemo China, India, Uingereza na Brazili. Hospitali nzima ilipangiwa kulaza wagonjwa wake wote wa kiharusi chali kwa saa 24, kisha baadaye ikapangiwa kuwainua angalau nyuzi 30, au kinyume chake. Baada ya siku 90 ulemavu ulikuwa uleule. Vifo vilikuwa asilimia 7.3 kwa waliolazwa chali na 7.4 kwa walioinuliwa. Nimonia, ambayo wengi waliiogopa, ilikuwa asilimia 3.1 kwa 3.4.

Wengi walisoma matokeo hayo wakahitimisha kuwa mkao hauna maana yoyote. Hitimisho hilo limepita kiasi. Wagonjwa wa HeadPoST kwa kawaida waliwekwa kwenye mkao waliopangiwa kama saa 14 baada ya dalili kuanza. Kufikia saa hiyo, kwa walio wengi penumbra imeshakufa au imeshaokoka. Viharusi vingi vilikuwa vyepesi, na wenye ateri kubwa iliyoziba walikuwa wachache. Kilichothibitishwa, na ni jambo zuri kulijua, ni kwamba kwa mgonjwa wa kawaida anayefika amechelewa, hakuna pembe ya kitanda itakayomwokoa wala kumuua. Anaweza kulazwa katika mkao anaoustahimili. Hilo pia lilionekana: asilimia 87 ya waliopangiwa kulala chali waliweza kukaa hivyo kwa saa 24, dhidi ya asilimia 95 ya walioinuliwa. Kulala chali siku nzima kunachosha mgongo, na wenye moyo dhaifu hukosa pumzi.

Jaribio la pili, ZODIAC, lilikwenda kuuliza swali pale HeadPoST ilipopita mbali. Lilifanyika Marekani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Waliochukuliwa ni watu ambao picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya mishipa imeonyesha ateri kubwa iliyoziba, hawavuji damu, na wanasubiri kuvutwa donge. Nusu walilazwa nyuzi sifuri, nusu nyuzi 30, na walipimwa mara kwa mara kwa kipimo cha ukali wa kiharusi kiitwacho NIHSS wakati wakisubiri. Jaribio lilisimamishwa mapema baada ya wagonjwa 92, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno: kati ya 45 waliolala chali, mmoja alizorota kwa alama mbili au zaidi kabla ya tiba, kati ya 47 walioinuliwa, 26 walizorota. Idadi ni ndogo, na jaribio linalosimamishwa mapema huwa linaelekea kukuza tofauti, hivyo tarakimu hizo zisomwe kwa tahadhari. Mwelekeo wake hata hivyo unalingana kabisa na ile hesabu ya sentimita na milimita.

Zikisomwa pamoja, tafiti hizi hazipingani. ZODIAC inasema: ateri kubwa imeziba, donge bado lipo, na dakika zinahesabika, basi laza kitanda, kwa sababu unanunua muda mpaka donge litoke. HeadPoST inasema: muda huo ukishapita, usimtese mtu. Kulala chali si tiba ya kiharusi. Hakufungui ateri. Mgonjwa aliyepata nafuu baada ya kulazwa bado ana donge lilelile, na kosa baya kuliko yote ni familia au zahanati kuona mkono umerudi ukisogea, kisha kuahirisha safari ya hospitali kubwa.

Kiharusi cha kuvuja damu

Hapa Afrika hatuwezi kuzungumzia mkao bila kuugusa ule upande mwingine. Viharusi vya kuvuja damu ndani ya ubongo ni sehemu kubwa zaidi kwetu kuliko Ulaya. Utafiti wa SIREN uliofanyika Nigeria na Ghana ulikuta karibu theluthi ya wagonjwa ni wa aina hiyo, na presha isiyotibiwa ndiyo iliyokuwa mbele ya visababishi vyote. Damu iliyovuja inachukua nafasi ndani ya fuvu tangu dakika ya kwanza. Huyu kwa kawaida huinuliwa nyuzi 30, kichwa kikiwa katikati, huku presha ikishushwa kwa dawa chini ya uangalizi.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha aina hizi mbili. Maumivu makali ya kichwa ya ghafla, kutapika na kupoteza fahamu haraka vinaelekeza kwenye kuvuja, lakini havithibitishi. Ni picha ya ubongo pekee, kama CT, inayoamua. Ndiyo sababu pia mtu asipewe aspirini nyumbani kabla ya picha: ikiwa ni kuvuja, umeongeza mvujo. Wala asipewe dozi ya ziada ya dawa ya presha. Mwenye ateri iliyoziba mara nyingi presha yake hupanda, na sehemu ya kupanda huko ni jitihada ya mwili kuilisha penumbra. Kama hapewi dawa ya kuyeyusha donge wala havutwi donge, madaktari kwa kawaida huiacha presha hiyo mpaka ivuke 220 kwa 120, isipokuwa kuwe na sababu nyingine ya kuishusha kama moyo kushindwa kazi. Akitakiwa kupewa dawa ya kuyeyusha donge, lazima iwe chini ya 185 kwa 110. Kuishusha kwa pupa ukiwa nyumbani ni sawa na kumkalisha wima. Kote kuwili unainyima penumbra.

Kabla ya hospitali

Mgonjwa wa kiharusi mjini kwetu mara nyingi hufika hospitali akiwa amekalishwa katikati ya watu wawili kwenye kiti cha nyuma cha teksi au bajaji, shingo imepinda, kidevu kimeanguka kifuani. Mkao huo una makosa matatu kwa pamoja. Kichwa kiko juu kabisa ya moyo. Kidevu kilichoshuka kinabana njia ya hewa. Na shingo iliyopinda inabana vena zinazotoa damu kichwani. Kama kuna gari la kumlaza, hata la kuazima ambalo kiti chake cha nyuma ni kirefu, alazwe.

Alazwe vipi ikiwa hujui ni kuziba au kuvuja? Mkao wa kuaminika zaidi kabla ya picha ni kulala ubavu, kichwa kikiwa karibu na usawa wa moyo, mdomo umeelekea chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje. Kichwa hakijapanda, na njia ya hewa imelindwa. Ikiwa yuko macho kabisa, hatapiki, anameza mate yake na anapumua vizuri, anaweza kulala chali na kitu chembamba chini ya kichwa, mradi mtu amkazie macho muda wote. Akianza kukoroma ghafla, kutapika au kusinzia, mgeuze ubavu mara moja. Njia ya hewa inatangulia hesabu zote za mtiririko. Damu isiyo na oksijeni haimsaidii mtu hata ikifika.

Aliye na ugonjwa wa moyo au mapafu anayekosa pumzi akilala asilazimishwe. Mwinue kiasi kinachompa pumzi, usizidishe.

Wakati wa kumgeuza, mshike kwenye bega na nyonga. Usimvute kwa mkono uliopooza. Misuli iliyokuwa inashikilia bega imelegea, na kuvuta mara moja kunaweza kuliteteresha bega litakalomuuma kwa miezi. Usimpe maji, uji, chai ya sukari wala dawa ya kumeza: karibu nusu ya wagonjwa wapya wa kiharusi wana shida ya kumeza, na kupaliwa hakuonekani kila mara kwa kikohozi. Chakula kinaweza kuteremka mapafuni kimyakimya. Na andika saa. Si saa mliyomkuta. Saa ya mwisho alipoonekana mzima. Madaktari watapanga tiba nzima kwa saa hiyo, maana dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5.

Nyuzi 30 ni ngapi hasa?

Hospitalini "nyuzi 30" mara nyingi hukisiwa kwa jicho, na jicho hukosea. Kama kitanda hakina kipimo pembeni, kuna njia rahisi ya fundi: kwa nyuzi 30, ncha ya juu ya egemeo hupanda kwa nusu ya urefu wa egemeo lenyewe. Egemeo la sentimita 70 lipande sentimita 35. Kwa nyuzi 15 hupanda karibu robo, yaani kama sentimita 18. Pima kwa futi kamba mara moja, weka alama kwenye nguzo ya kitanda, na zamu zote zitafuata alama ileile.

Nyumbani, au kwenye wodi yenye vitanda visivyokunjika, kosa linaloonekana sana ni kurundika mito mitatu chini ya kichwa. Mito hiyo haiinui kifua. Inakunja shingo tu, kidevu kinagusa kifua, vena za shingoni zinabanwa, na shinikizo la fuvu linapanda badala ya kushuka. Unachotaka ni kuinua kiwiliwili kizima kuanzia nyonga: ubao imara au kiti kilichopinduliwa chini ya godoro, kisha mto mmoja mwembamba. Pua, kitovu na katikati ya miguu viwe kwenye mstari mmoja. Kama ana kola ya shingo, hakikisha haijakaza. Kama ana mpira wa oksijeni au utepe wa kushikilia mpira wa hewa, usizungushwe shingoni kwa nguvu.

Baada ya saa moja au mbili mgonjwa huteleza kuelekea miguuni. Kiwiliwili kimekunjika kifuani badala ya nyongani, mapafu yamebanwa, na ile pembe uliyopima haipo tena. Kuinua kidogo magoti kwa mto hupunguza kuteleza, lakini usiinue mno mpaka mapaja yabane tumbo. Mvute juu watu wawili kwa shuka lililokunjwa chini yake. Mmoja akimvuta kwapani anaumiza bega na kuchuna ngozi ya makalio.

Presha nayo ipimwe kwa uangalifu, kwa sababu mkao unaidanganya mashine. Mkono wenye kitambaa cha kupimia uwe usawa wa moyo. Ukining'inia chini pembeni mwa kitanda, namba inapanda. Ukiwekwa juu ya rundo la mito, inashuka. Andika pembe ya kitanda pamoja na namba. Daktari anayeona 150 kwa 90 bila kujua kama mgonjwa alikuwa amelala au ameketi hana taarifa kamili.

Kula, na kuinuka tena

Suala la mapafu linakuja juu baada ya saa za mwanzo. Mgonjwa asipewe chochote mdomoni mpaka apimwe kumeza, na kipimo kifanywe akiwa ameketi wima. Akifaulu, alishwe akiwa ameketi, kidevu kimeshuka kidogo, kijiko kidogo kidogo upande wenye nguvu, kisha abaki ameketi angalau nusu saa. Mabaki hujificha kwenye shavu lililopooza; yatoeni kwa kidole kilichofungwa kitambaa au mswaki laini kila baada ya kula. Anayelishwa kwa mpira wa puani lazima kichwa kiwe kimeinuka nyuzi 30 hadi 45 wakati chakula kinaingia na kwa muda baada yake, kwa sababu tumbo lililojaa la mtu aliyelala chali humwaga juu. Ikiwa ameagizwa alale chali kwa sababu ya ateri iliyoziba, chakula kisubiri. Saa chache za njaa hazina uzito mbele ya nimonia.

Kuinuka kwa mara ya kwanza kunahitaji subira. Mwaka 2015 jaribio la AVERT, lililoandikisha wagonjwa 2,104, lilitazamia kuonyesha kuwa kumwinua mtu mapema sana na kumfanyisha mazoezi mengi ndani ya saa 24 kunaharakisha kupona. Matokeo yalikwenda kinyume: waliokuwa na hali nzuri baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 46, dhidi ya 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa vipindi vifupi vya mara kwa mara vilikuwa bora kuliko vipindi virefu. Kwa hiyo baada ya siku ya kwanza mgonjwa aliyetulia aketishwe, ila kwa hatua.

Mwinue nyuzi 30, subiri dakika tano. Mwinue 60, subiri tena. Kisha mketishe ukingoni, miguu ikigusa sakafu, mtu mmoja mbele yake na mmoja upande uliopooza. Pima presha kabla ya kumwinua, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kuketi. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwili wake bado haujaweza kuilinda presha dhidi ya mvuto wa dunia. Mlaze, na utafute sababu. Mara nyingi ni ukosefu wa maji, siku kadhaa za kulala, dawa za presha zilizoongezwa kwa haraka, au kisukari cha muda mrefu kilichoharibu neva zinazobana mishipa.

Kizunguzungu si dalili pekee ya kuangalia. Mwombe ahesabu kwa sauti na anyooshe mikono yote miwili akiwa amelala, kisha arudie akiwa ameketi. Ikiwa maneno yanakuwa mazito au mkono unashuka kila anapoketi, na vinarudi kila anapolala, hiyo ni ishara kwamba kuna ateri iliyobanwa sana, shingoni au ndani ya fuvu, na ubongo unaishi ukingoni mwa mahitaji yake. Mlaze kwanza, kisha mwambie daktari hivyohivyo ulivyoona: alikuwa pembe ipi, presha ngapi, alichoshindwa kufanya, na dakika ngapi zilipita mpaka kiliporudi. Daktari atakagua mishipa ya shingo, atapitia dozi na saa za dawa za presha, na ataamua kama mgonjwa arudishwe nyuzi 15 kwa siku nyingine moja au mbili kabla ya kujaribu tena.